Kabla ya kununua mashine ya hewa, toeni sigiri chumbani



Ndugu wasomaji, mashine za kusafisha hewa ya nyumbani zinatangazwa sana siku hizi, na wapo wanaotamani kuzinunua. Si vibaya, lakini kwanza tujue zinafanya nini.

Aina ya kwanza ina chujio liitwalo HEPA. Feni huvuta hewa, na chujio hunasa vumbi na chembe za moshi. Chembe ndogo za maikroni 0.3 hunaswa kwa asilimia 99.97. Aina ya pili hutumia mkaa uliotayarishwa kiwandani, unaofyonza harufu na baadhi ya gesi. Aina ya tatu hutoa ozoni. Hiyo msinunue kabisa, kwani ozoni yenyewe hudhuru mapafu.

Hapa ndipo penye hatari. HEPA haizuii kaboni monoksaidi, gesi ya sumu inayotoka kwenye makaa, wala mkaa ule wa kiwandani hauiondoi. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Baridi ya Rwenzori ikishuka usiku, wapo wanaoingiza sigiri chumbani, wakafunga mlango na dirisha, wakalala. Wanafunzi wa vyumba vya kupanga, nawaambia ninyi hasa: huenda msiamke. Mtume (S.A.W.) alitukataza kuacha moto ukiwaka nyumbani tunapolala, hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim.

Mchana nako kuna mama jikoni, na mtoto mgongoni, wote wakivuta moshi wa kuni. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 wasiotimiza miaka mitano.

Basi maoni yangu ni haya. Baba mwenye pesa ya mashine aanze na jiko la mama: dirisha kubwa, bomba la moshi, kuni kavu, au gesi akiweza. Sigiri iwashwe nje na ibaki nje. Hata udi tuufukize dirisha likiwa wazi.

Baada ya hapo, mwenye umeme na mgonjwa wa pumu, au anayeishi Bwera kando ya barabara ya malori ya Mpondwe, anunue ya HEPA na akumbuke kubadilisha chujio. Mashine haiwezi kushindana na moto unaowaka ndani.

Wabillahi tawfiq.