Kiswahili cha Kambini Kifike Kalamuni

Askari wengi wa Kampala, tangu Mbuya hadi Naguru, wanao ujuzi mmoja wasiouhesabu: Kiswahili. Walikipata gwarideni wakakizoea kambini, lakini kwa wengi hakijafika kalamuni. Katiba ya Uganda, iliyorekebishwa mwaka 2005, ilikitambua kuwa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2021 Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ikakifanya lugha yake rasmi.

Asemaye huelewekana kwa sauti na kwa mikono. Taarifa iliyoandikwa haina msaada huo. Askari akiandika, “Alimpiga akakimbia,” msomaji atauliza: aliyekimbia ni mpigaji au mpigwa? Hapo asiye na hatia aweza kutiwa mashakani.

Yafaa basi askari aandike kila jioni mistari mitano juu ya kazi ya siku: nani, nini, wapi, lini. Kisha aisome mbele ya mwenzake wa nyumbani, au mtoto ajifunzaye Kiswahili shuleni. Msikilizaji akikwama, sentensi isahihishwe papo hapo. Kusahihishwa na mtoto ni nafuu kuliko mtu kuadhibiwa bure kwa mstari mmoja ulioandikwa ovyo.