KUKANA FAINI YA TOCHI: HAKI YAKO NA KIAPO CHAKO



Ndugu zangu katika imani, madereva wananiuliza sana swali hili: "Sheikh, nimepigwa tochi, trafiki anasema nilikuwa 74 kwenye kibao cha 50. Nikikana, kesi inakwenda mahakamani. Je, kukana ni dhambi?"

Inategemea jambo moja ambalo wewe unalijua kuliko trafiki na hakimu: ulikuwa unakwenda mwendo gani?

Kama una yakini hukuzidisha, kataa. Sheria yetu ya Usalama Barabarani haikulazimishi kukiri. Asiyekubali kosa ana njia ya kwenda mbele ya hakimu. Tatizo wengi tunaiogopa mahakama, tunaona bora kumshikisha askari elfu tano yaishe. Hapo umekimbia dhuluma ukaingia kwenye rushwa, na Mtume (s.a.w.) amemlaani mtoaji na mpokeaji. Usiniambie "ni pesa ya maji tu". Maji gani hayo?

Wala kudai ushahidi si ukaidi. Katika dini yetu anayedai ndiye anayeleta bayana. Omba picha uione. Tazama namba za gari, saa na mahali. Mara nyingi aliyepiga tochi yuko nyuma huko, picha imetumwa kwa simu kwa mwenzake aliyekusimamisha. Gari mbili nyeupe zikifuatana, binadamu anaweza kukosea. Angalia pia kibao kilipo: kama picha ilipigwa kabla hujakifikia, hilo ni la kumwambia hakimu. Abiria uliyekuwa naye ni shahidi wako.

Lakini kama unajua fika ulikuwa 74?

Kuna wanaosema, "Mimi nakaa kimya, wathibitishe wao." Kunyamaza si uongo, ingawa mimi silipendi hilo kwa Muislamu, maana Suratun-Nisaa aya ya 135 inatutaka tusimamie uadilifu hata ushahidi ukiwa dhidi ya nafsi zetu. Ama kusimama kizimbani ukasema "Wallahi nilikuwa 45", hilo ni jambo lingine kabisa. Hiyo ni yamini ghamusi, kiapo kinachomzamisha mwenyewe, na Mtume ameitaja pamoja na shirki, kuwaasi wazazi na kuua nafsi. Sisi Mashafi'i tunasema una toba na kafara juu yake. Wanazuoni wengine wamesema ni kubwa mno, kafara haiifikii, ni toba tu. Yote hayo kwa sababu ya faini ya tochi!

Na hakimu akikuachia, usidhani imehalalika. Mtume mwenyewe alieleza kuwa yeye huhukumu kwa anavyosikia, na mwenye kupewa kisicho chake kwa ufasaha wa ulimi wake amekatiwa kipande cha moto. Basi wewe lipa kwa namba ya malipo uliyopewa, chukua risiti, uendelee na safari kwa mwendo wa kibao.

Kwani kibao kile kiliwekwa pale kwa ajili ya nani? Ni watoto wa shule na kina mama wanaovuka na ndoo kichwani. Ukiua mtu kwa kuzidisha mwendo, fiqhi inakudai diya kwa familia yake, na kafara ya kufunga miezi miwili mfululizo. Anayeona faini ni kubwa aipigie hesabu hiyo kwanza.

Walioniuliza kuhusu dereva anayelazimishwa na tajiri wake kukimbiza gari ili awahi, nitawajibu baada ya Ijumaa, inshaallah.

Wallahu aalam.