Mtoto wa Mfungwa ni Amana ya Nani?



Sifa njema zote ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake.

Ama baad. Katika darasa za akina mama hurudi swali moja: mwanamke akifungwa naye ana mtoto anyonyaye, je, mtoto alelewe gerezani pamoja na mamake, au atolewe akalelewe na jamaa? Wapo wasemao kwamba kiumbe asiye na dhambi hafai kulala nyuma ya malango ya chuma. Wengine husema kumtenga na ziwa la mamake ni kumwadhibu yeye badala ya mkosa.

Sheria ya Magereza ya Kenya, kifungu cha 30, yaruhusu mtoto mchanga kupokewa gerezani pamoja na mamake, akapewa nguo na mahitaji kwa gharama ya serikali. Ruhusa hiyo hukoma atimizapo miaka 4, au mapema zaidi ikipatikana njia njema ya kumlea nje. Ndivyo watoto wanavyoingia Shimo la Tewa, hapa kwetu Mombasa, na Lang'ata kule Nairobi, bila ya hakimu yeyote kuwahukumu.

Katika dini yetu, Sura Al-Baqara aya ya 233 yataja miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa atakaye kutimiza, na yakataza mama kudhuriwa kwa ajili ya mwanawe. Na katika mojawapo ya riwaya za Sahihi Muslim twasoma kisa cha mwanamke wa Ghamid, aliyemjia Mtume (s.a.w.) kukiri zinaa hali ni mjamzito. Mtume alimrudisha hadi ajifungue. Alipojifungua, akamrudisha tena hadi amwachishe mtoto ziwa. Akaja na mwanawe ameshika kipande cha mkate, ndipo mtoto akakabidhiwa mtu miongoni mwa Waislamu. Tuzingatie mambo mawili: haki ya mtoto ilitangulia adhabu, na mtoto hakuondolewa kwa mamake ila alikuwapo wa kumpokea.

Kwa hivyo twaona kwamba katika muda wa kunyonya mtoto abaki na mamake, na gereza liwajibike kwa chakula, tiba, chanjo na mahali safi pa kutambaa. Apitapo miaka miwili huanza kushika maneno na kuiga ayaonayo. Huko ataiga kuhesabiwa na kufungiwa mlango jioni. Mtoto wa umri huo ahitaji kuwaona babu na wajomba, kucheza na wenziwe uani, na kusindikizwa chuoni. Akiwapo mlezi mwema, kungoja miaka 4 itimie ni kumchelewesha. Asipokuwapo, kubaki na mamake ni bora kuliko kutupwa ulimwenguni.

Basi yuko wapi mlezi huyo? Katika madhehebu yetu ya Shafi, mama akishindwa kulea, haki hiyo humpitia nyanya mzaa mama. Lakini zipo nyumba zinazofunga mlango kwa kuogopa aibu, na mtoto akaitwa mwana wa jela. Mola wetu ametufunza kwamba hakuna nafsi ibebayo mzigo wa nyengine. Iweje tumtwike mtoto mzigo wa mamake? Na ampokeaye ajue kwamba kulea si kunyang'anya: ampeleke akamwone mamake, asimfunze kumchukia.

Tena jamaa wasingoje hukumu ipite. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 1998 yaipa mahakama uwezo wa kumpa mkosa kazi ya umma badala ya kifungo, pale ambapo kifungo kinachostahili hakizidi miaka 3. Jamaa waende kwa afisa wa probesheni, waeleze kwamba mwanamke huyu ananyonyesha, na nyumba yake ni ipi. Na akifungwa kwa kukosa faini tu, ukoo na msikiti wachange. Sadaka hiyo yawafungua wawili.

Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Twamwomba Allah awape subira akina mama walioko magerezani, awarudishe kwao na toba iliyokubaliwa, na awafanye watoto wao kuwa wema. Amin.

Wabillahi tawfiq.