Goma: Meza ya mbao za zamani si aibu

Mjini Goma, nyumba ya mbao haifi siku inapobomolewa. Mwenye kiwanja akipata makuta ya kujenga nyumba ya kudumu, mbao za nyumba ya kwanza zinang'olewa moja moja na misumari inanyooshwa kwa nyundo juu ya jiwe la volkano. Nyingi zinarudi kuwa ukuta kwa jirani. Zingine zinaishia kwa fundi wa kando ya barabara, zinageuka benchi, kabati ya vyombo au kitanda cha watoto.

Wakaaji wa mji huu hawakufundishwa kazi hiyo na mtindo wa Ulaya. Mwezi wa kwanza 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021 ilishuka tena hadi Buhene. Kisha ikaja vita ya mwezi wa kwanza 2025, nyumba zikaporwa na mabenki yakafunga milango. Familia iliyokuta sebule tupu ingeomba wapi mkopo wa fotei mpya?

Hata hivyo, dharau ipo. Kwa wengi, kitu cha okazioni kinasema kwamba baba wa nyumba ameshindwa. Ndiyo maana wengine wanajibana miezi mingi kwa ajili ya kabati inayong'aa, iliyotengenezwa kwa unga wa mbao ulioshikwa na gundi. Mvua ikipenya chini ya mlango mara moja tu, miguu yake inavimba na kumeguka. Kumbe mbao ya libuyu iliyokaa miaka ishirini kwenye ukuta imekwisha kukauka: haipindi tena, haipasuki. Mbao mpya kutoka msituni mara nyingi inauzwa ikiwa bado na maji ndani, na meza yake inaanza kuyumba kabla ya mwaka kuisha.

Lakini si kila kitu cha zamani kinafaa kuingia nyumbani, na hapa mafundi wenyewe wanapaswa kuwa wakali. Palete zinazobeba mizigo ya kutoka ng'ambo zina alama iliyochomwa kwenye mbao. Herufi HT zinaonyesha kwamba mbao ziliuliwa wadudu kwa joto. Herufi MB ni za bromidi ya methili, dawa ya sumu. Palete hiyo isifanywe kitanda cha mtoto, wala mabaki yake yasitiwe kwenye mbabula. Pipa lisilojulikana lilibeba nini, libaki nje ya jikoni. Kuangalia alama hakuombi makuta, ni kugeuza mbao tu.

Viongozi wa mji nao, wanapopanga usafi wa barabara, wasihesabu karakana hizi pamoja na takataka. Kumfukuza fundi bila kumwonyesha sehemu nyingine ni kumnyima kazi kijana ambaye hakuomba kazi kwa mtu.

Inabaki bei. Mnunuzi anafika, anapapasa meza, anasema: « Fundi, si mbao hizi uliokota tu? » Anataka kulipa nusu. Fundi huyo alinunua mbao, akapoteza siku nzima akitoa misumari iliyoshika kutu, maana msumari mmoja uliosahaulika unaharibu meno ya msumeno, na wakati huo hata randa alikuwa hajaishika.