UFA WA BWAWA NI KABURI LA WATU

Tarehe 4 Mei 2023 maji ya milima yalifagia Bushushu na Nyamukubi, huko Kalehe. Watu zaidi ya 400 walikufa. Tunataka kuta za kuzuia maji. Lakini hatutaki kuta za kutuzika!

Huko Solai, Kenya, tarehe 9 Mei 2018, bwawa la shamba lilipasuka usiku, likaua watu wasiopungua 47. Wakubwa walisema halikuwa na kibali. Walisema watu wamekwisha kufa!

Wafanyakazi wa migodi, ninyi mnajua: udongo ukilowa haumjui bwana wala mtumishi. Tunadai kila ukuta ukaguliwe kabla ya mvua, mbele ya wanakijiji. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini watu, nani atawajenga tena?