Kalamu Isiyosimama



Mwezi huu nataka kukiri kosa nililolitenda mimi mwenyewe mbele ya mtoto wa watu, kisha nieleze nililojifunza kwalo, huenda likawafaa wazazi na vijana wausomao ukurasa huu.

Katika madrasa yetu hapa Mpanda tunao watoto wa makabila mengi. Wako Wabende, Wapimbwe na Wakonongo, wenyeji wa nchi hii. Wako Wafipa na Wasukuma. Na wako ambao babu zao waliletwa na reli ya Kaliua zama za machimbo ya risasi. Mtoto huzungumza na mamaye kwa lugha ya nyumbani, husoma shuleni kwa Kiswahili, na alasiri huja kwangu kusoma Qur'ani. Nao husoma vyema, alhamdulillahi. Mwanafunzi aliyehifadhi ataandika sura nzima kwa moyo wala asikose nukta. Lakini mwambie aandike barua ya ukurasa mmoja kwa mjomba wake, utamwona anauma kalamu, anaandika mstari, anaufuta, anaandika tena, anaufuta tena, hata karatasi ikatoboka.

Nimefikiri sana juu ya jambo hili, na nimeona kwamba asili yake ni sisi waalimu. Maneno ya Mwenyezi Mungu hayana budi kuandikwa bila kosa, kwa kuwa herufi moja ikigeuka, maana nayo hugeuka. Hofu hiyo ni adabu njema. Walakini mtoto huichukua hofu hiyo hiyo akaiweka juu ya maneno yake mwenyewe, ambayo ni maneno ya mwanadamu, yenye kuzaliwa na kasoro. Matokeo yake ni kwamba hasemi kitu.

Iko njia moja ya kumfungua mtu wa namna hii. Huko Marekani, Bibi Dorothea Brande aliandika kitabu mwaka 1934 akamshauri anayetaka kuwa mwandishi aamke mapema na kuandika papo hapo, kabla hajasoma wala kuzungumza na mtu. Mwaka 1973 mwalimu wa nchi hiyo hiyo, Bwana Peter Elbow, aliieneza njia hiyo kwa kitabu chake. Naye alikuwa mtu ambaye kuandika kuliwahi kumshinda hata akayaacha masomo yake ya chuo kwa muda. Kanuni zake ni nyepesi. Mtu huchukua karatasi, hupima dakika kumi, akaandika bila kuusimamisha mkono. Hafuti, harudi nyuma, hatazami tahajia. Akikosa la kuandika, aandike kwamba hana la kuandika, mpaka neno jingine lije. Dakika zikiisha, huweka kalamu chini.

Kijana ataniuliza: Je, mwalimu, hayo si mambo ya kigeni? Namjibu hivi. Imamu Ibn al-Jawzi wa Baghdad, aliyefariki mwaka 597 Hijriya, yaani 1201 Miladiya, ametuachia kitabu kiitwacho Sayd al-Khatir, na maana yake ni kuliwinda wazo lipitalo. Aliona kwamba mawazo humjia mtu kisha yakakimbia, akaazimia kuyanasa kwa maandishi kabla hayajatoweka. Nasi watu wa Katavi tulio jirani na mbuga twalifahamu jambo hili bila kufundishwa, kwani mnyama hamngoji mwindaji anoe mkuki.

Basi nilianza na vijana saba, kila Alhamisi baada ya sala ya alasiri, dakika kumi. Mmoja wao alikuwa na umri wa miaka kama kumi na minne. Siku ya kwanza aliandika mistari mitano kwamba hana la kuandika. Siku ya tatu mkono ukafunguka. Aliandika kwamba baba yake amekwenda machimbo ya dhahabu, mwaka wa pili sasa, wala hajatuma salamu. Kwamba mama huuza ndizi. Na kwamba kila anapoinua mikono kumwombea babaye, ulimi hukataa.

Na mimi, ndugu zangu, nilifanya nini? Nilichukua kalamu nyekundu. Niliona ameandika "hajaludi" badala ya "hajarudi", nikapiga mstari. Nikahesabu makosa kumi na moja. Chini nikaandika: "Si adabu kusema hivi juu ya mzazi." Nikamrudishia karatasi nikidhani nimefanya kazi yangu.

Alhamisi iliyofuata aliniletea ukurasa ulioandikwa kwa hati nzuri kabisa. Ilikuwa ni Suratul Fatiha, toka mwanzo hata mwisho, haina kosa hata moja. Akaniwekea mbele yangu, akainamisha kichwa. Niliutazama ukurasa ule kwa muda mrefu. Nilifahamu kwamba amenipa kile nilichomfundisha kunipa, na kwamba mlango mwingine ameufunga.

Nilikwenda kwao kabla ya magharibi nikamtaka radhi mbele ya mama yake. Tangu siku hiyo tuliweka kanuni mpya: ukurasa wa dakika kumi hausomwi na mtu yeyote, wala mwalimu, wala mzazi, wala rafiki. Mwenye kuuandika atauhifadhi au atauchoma.

Lakini uhuru huu una mipaka, nami nawaambia wanafunzi wangu wazi. Sura ya 68 ya Qur'ani inaitwa Kalamu, na Mola ameapa kwayo. Chombo alichokiapia Mola si cha mchezo. Aidha wako malaika waandishi, nao hawana mapumziko. Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba umma wake umesamehewa yale ambayo nafsi inajisemea, maadamu mtu hakuyatamka wala kuyatenda. Na kuandika ni tendo la mkono. Kwa hiyo kalamu isitumike kumsengenya mtu, wala kufichua dhambi ambayo Mwenyezi Mungu ameisitiri. Ama huzuni, hofu na maswali ya moyo, hayo hayana haramu kuandikwa na mja anayetaka kujifahamu mbele ya Mola wake.

Na mpaka mkubwa kuliko yote kwa zama zetu ni huu: haraka ya kuandika si haraka ya kutuma. Vijana wa leo huandika kwa simu wakiwa na hasira, na kabla pumzi haijatulia maneno yamekwisha fika kwa watu mia. Sisi twataka kinyume chake. Maneno yatoke upesi juu ya karatasi, yakae, kisha kalamu ya pili ije ipime: lipi ni la kweli, lipi la kunyamaziwa, lipi la kupelekwa kwa mwenyewe. Tazameni mfano wa Bwana Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja wa mwaka 1948, aliyeihama nchi yake baada ya Mapinduzi ya 1964 na kupewa tuzo ya Nobel mwaka 2021. Ameeleza katika hotuba yake kwamba ni katika ufukara na ugeni wa Uingereza ndipo alipoanza uandishi wa namna nyingine. Walakini kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1987. Kalamu ya kwanza ilitoa, na ya pili ilipima kwa miaka mingi.

Yule kijana wangu alikaa wiki nyingi haniambii kitu. Kisha siku moja alikuja na karatasi iliyokunjwa akasema: "Mwalimu, nisaidie kuandika barua kwa baba." Tuliiandika pamoja, mara tatu. Safari hii nilisahihisha "hajaludi", naye akacheka. Hasira haikuwamo tena katika barua, ila swali lilibaki: Baba, u hai? Tulimpa dereva wa lori aendaye upande huo. Mpaka naandika haya jibu halijaja. Lakini mama yake ameniambia kwamba usiku humsikia mwanawe akimwombea babaye dua.

Enyi wazazi, daftari ni kitu cha bei ndogo. Mnunulie mwanao moja, umpe dakika kumi za utulivu, na amana yako iwe ni kutolifungua. Siku akitaka kusomewa, atakuja mwenyewe.

Wabillahi tawfiq.