Maradhi ya Akili na Unga: Kazi Hii ni Yetu

Wananchi, kila mtu katika nchi hii anajua Mirembe ni nini, hata yule ambaye hajakanyaga Dodoma maisha yake. Mtu akitaka kumtukana mwenzake Dar es Salaam au Mwanza humwambia akatibiwe Mirembe. Nairobi watasema Mathari. Unguja watasema Kidongo Chekundu. Hospitali tatu zimegeuzwa matusi matatu, na hatujasikia mtu akimtukana mwenzake kwa kumpeleka hospitali ya macho. Wiki hii twataka kulisema jambo hili bila kunong'ona, kwa kuwa wanaoumia kwa kimya chetu ni watoto wetu wenyewe, tena wengi.

Nchi yetu ilihesabiwa mwaka 2022 ikaonekana ina watu 61,741,120. Madaktari bingwa wa maradhi ya akili ni wachache mno mbele ya hesabu hiyo, na wengi wao wamekusanyika katika miji michache mikubwa. Basi mzee wa Kigoma au Rukwa ambaye kijana wake ameanza kuongea na watu wasioonekana afanye nini? Atakwenda kwa mganga wa kienyeji, na sisi hatumcheki. Mganga yuko karibu. Mganga husikiliza habari ya ugonjwa tangu mwanzo mpaka mwisho, huuliza habari za ukoo, na mbuzi wake hukubali kumngoja mpaka mavuno. Wako waganga waungwana, na wako wanaomfunga mgonjwa kwa mnyororo mguuni miezi mingi na kuita hiyo ni dawa. Lakini kabla ya kuwalaumu tujiulize: ile zahanati yetu, yenye mhudumu mmoja aliyechoka na kabati lisilo kitu, ilimpa nini yule mzee hata aiache?

Sera ya nchi yasema mgonjwa wa akili asitozwe fedha za dawa. Sera njema. Lakini dawa ya bure isiyokuwapo kabatini ni bure kwa maana ile nyingine ya neno hilo. Wenye kuuguza wanalijua jambo hili kuliko sisi. Yuko mgonjwa anayetulia kwa sindano moja tu kila mwezi; hulima, huoa, husali na wenzake, na jirani mgeni hawezi kujua kwamba aliwahi kuugua. Mwezi mmoja sindano haipo wilayani. Mwezi wa pili nauli ya kwenda mkoani haipo. Mwezi wa tatu yuko sokoni bila shati, na watoto wanamtupia mawe. Hapo kijiji kizima husema: mnaona, dawa za hospitali hazikufaa, huyu karogwa kweli. Kosa la bohari limegeuka ushahidi wa uchawi! Wala hatujui njia iliyo rahisi zaidi ya kumvunja moyo mhudumu wa afya aliyehangaika miaka miwili kuwashawishi watu wale wale waje kwake.

Inafaa kukumbuka mambo haya yalikoanzia. Huko Lutindi, milimani Usambara, wamisheni wa Kijerumani walianza kuweka wagonjwa wa akili mwaka 1904. Mirembe ilijengwa 1927 wakati wa Mwingereza. Hatukatai kwamba wako waliotunzwa kwa huruma katika nyumba hizo. Lakini serikali ya kikoloni haikujenga nyumba za vichaa kwa ajili ya kumponya mtu arudi kwao. Ilizijenga ili barabara za mji ziwe safi na bwana mkubwa asisumbuliwe. Ndiyo maana zikawa chache, zenye kuta, na mbali na kwao mgonjwa.

Tena mkoloni alikuwa na elimu yake juu ya akili zetu. Daktari J. C. Carothers, aliyekuwa mkuu wa Mathari, aliandikia Shirika la Afya la Dunia kitabu kilichotoka 1953, na humo alimfananisha Mwafrika mzima na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata, 1954, aliandikia serikali ya Kenya kitabu kingine juu ya Mau Mau. Watu waliokuwa wakidai ardhi yao waliyonyang'anywa wakaelezwa kuwa ni watu waliovurugikiwa na akili kwa kuacha desturi za kale kabla ya kuzoea za kisasa! Hivyo ndivyo elimu inavyoweza kutumwa kazi ya polisi. Nasi twalikumbusha jambo hili kwa kuwa hata leo wako wenzetu wenye elimu nyingi wanaodhani kwamba huzuni nzito, au kile ambacho wakubwa wa mijini hukiita msongo, ni ugonjwa wa Wazungu na matajiri, na kwamba mkulima hana nafasi ya kuugua moyo. Mkulima anaugua. Hana mahali pa kwenda kusema, basi.

Lakini mwaka ule ule wa 1954 Mwafrika mmoja alikuwa akijibu kwa vitendo. Daktari Thomas Adeoye Lambo, wa Nigeria, alikuwa Aro karibu na Abeokuta. Hospitali haikuwa imekamilika. Badala ya kungoja kuta, aliwaweka wagonjwa katika vijiji vya jirani, kila mmoja na ndugu yake wa kumpikia na kumwangalia. Mchana walikuja kupata dawa na kufanya kazi, jioni walirudi kulala katika nyumba za watu. Wanakijiji walilipwa kodi, wakapata maji na afya bora. Wageni walitoka mbali kuja kutazama. Lambo baadaye alifika kuwa naibu mkurugenzi mkuu wa lile lile Shirika la Afya la Dunia. Kwa hiyo wale wanaosema leo kwamba kutibu watu karibu na makwao ni wazo jipya kutoka ng'ambo, wasome historia ya bara lao.

Hata sisi tulijaribu. Baada ya Uhuru zilifunguliwa wodi katika hospitali za mikoa, na vikawapo vijiji vya kilimo kama Hombolo na Vikuruti ambamo mgonjwa aliyepata nafuu alijizoeza tena jembe na maisha ya kawaida. Katika miaka ya 1980 Morogoro na Kilimanjaro zilichaguliwa kuonyesha njia: wahudumu wa zahanati, wale wale wanaotibu malaria na kuzalisha akina mama, walifundishwa kutambua ugonjwa wa akili na kifafa na kutoa dawa. Mambo yalionekana kuwezekana. Kisha hali ya fedha ikabana, wafadhili wakashika njia zao, na kilichobaki kikategemea bidii ya mtu mmoja mmoja. Mwaka 2008 ikapitishwa Sheria ya Afya ya Akili kuchukua nafasi ya ile ya kikoloni. Sheria tunayo. Twahitaji mwendo.

Na iko sheria nyingine tunayopaswa kuiona haya. Huku Bara, mtu aliyejaribu kujiua akaokolewa ni mkosaji mbele ya mahakama. Kifungu hicho tulirithi kwa Mwingereza. Mwingereza mwenyewe alikifuta kwao mwaka 1961, ndio mwaka ule ule tuliojitawala, nasi tukaendelea kuitunza nguo ambayo mwenyewe alikwisha kuitupa. Kenya, Mahakama Kuu ilisema mwezi wa Januari 2025 kwamba kifungu kama hicho hakipatani na katiba yao. Sisi twangoja nini? Mama aliyemkata kamba mwanawe saa tisa za usiku, akijua kwamba akimpeleka hospitali polisi wataitwa, humficha ndani. Na aliyefichwa ndani hujaribu tena.

Sasa tuje kwenye unga. Pwani yetu inaujua tangu miaka ya 1980, na kuanzia mwisho wa miaka ya 1990 vijana walianza kujidunga, ndipo Ukimwi na homa ya ini vilipoingia maskani kwa kasi ya kutisha. Mwezi wa Februari 2011 Muhimbili ikafungua kliniki ya methadoni. Kenya ilianza Mathari mwaka 2014, Zanzibar ilianza Kidongo Chekundu 2015. Dar es Salaam iliongeza Mwananyamala na Temeke, na baadaye kliniki zikafika mikoani, Mbeya, Mwanza na Dodoma. Hii ni kazi ambayo nchi yetu iliwatangulia wengi katika Afrika, na aliyeifanya apewe haki yake.

Wako wazazi na viongozi wa dini wanaouliza: je, si kumtoa mtu katika ulevi mmoja na kumtia katika mwingine? Swali ni la haki, nalo lastahili jibu. Unga huisha mwilini baada ya saa chache. Teja hushikwa na arosto, tumbo likamkata, mifupa ikauma, naye atauza hata sufuria ya mama yake ili apate kete. Methadoni hunywewa mara moja kwa siku, mbele ya mhudumu, kwa kipimo. Haimleweshi aliyepimiwa sawasawa. Humzuia asitetemeke mpaka kesho yake. Katikati ya leo na kesho hiyo anaweza kufua nguo, kubeba zege, kumpeleka mtoto shule. Hajidungi, kwa hiyo haambukizwi wala haambukizi kwa sindano. Wengine huimaliza kidogo kidogo baada ya miaka. Wengine huinywa muda mrefu kama mwenye kisukari na dawa yake. Kwa nini huyu wa pili tunampa pole na yule wa kwanza tunamtemea mate?

Taabu iko katika hilo neno "kila siku". Kijana wa Mbagala hana budi kufika kliniki leo, kesho, Jumapili, sikukuu, na siku ya mvua barabara ikiwa mto. Nauli ya kwenda na kurudi ni sehemu kubwa ya kibarua chake, na kibarua chenyewe hukipata asubuhi, saa zile zile anazotakiwa kuwa kwenye foleni. Wanawake ni wachache zaidi kliniki, si kwa kuwa hawatumii, ila mwanamke teja hutukanwa mara mbili na mtoto hana wa kumwachia. Nasi twajua vijana waliokamatwa wakiwa njiani kwenda kunywa dawa. Askari anayemngoja mgonjwa mlangoni mwa hospitali hajamkamata mwenye biashara.

Mwenye biashara, ndiye huyo tunataka akamatwe. Mwezi wa Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilikamata kilo 3,182 kwa mara moja, heroini na methamfetamini. Tuliwapongeza na twawapongeza tena. Lakini mzigo wa namna hiyo ukikatwa, maelfu ya watu huamka na arosto asubuhi moja, na siku hiyo ndiyo wako tayari kuliko siku zote kutibiwa. Wakikuta kliniki imejaa, watatafuta vidonge, gongo, au chochote kitakachouzwa badala yake. Kukamata na kutibu viende pamoja kama mguu wa kulia na wa kushoto.

Na sasa fedha. Methadoni yetu tangu mwanzo ilisaidiwa sana na fedha za Marekani za kupambana na Ukimwi. Tarehe 20 Januari 2025 rais wa nchi hiyo alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Ruhusa maalumu zilifuata kwa baadhi ya dawa za kuokoa maisha, lakini somo tulikwisha kulipata. Dawa ambayo mtu hawezi kuikosa kwa siku tatu bila kurudi kwenye sindano, ufunguo wake ulikuwa mezani kwa mtu mwingine, ng'ambo ya bahari. Hatumtukani aliyetusaidia, alitoa chake na ana haki ya kukizuia. Twajilaumu wananchi wa nchi hii, tuliojua kwa miaka zaidi ya 10 na hatukuandika gharama hiyo yote katika bajeti yetu wenyewe.

Nyumba za soba nazo zatazamwe. Zanzibar zilianza 2009, na nyingi zimeanzishwa na vijana waliotoka wenyewe katika unga, watu mashujaa, ambao wametenda kwa mikono mitupu yale ambayo wizara haikuyafanya. Lakini nyingi huishi kwa ada ya wazazi, na maskini hana ada. Tena zimo, ingawa si zote, ambazo fimbo na kufuli ndio matibabu. Serikali izikague, izifunge zinazotesa, na zile njema izilipie vitanda vya watoto wa wanyonge.

Kwa matawi yetu tuna neno la upande wa pili. Zimbabwe, tangu 2006, Daktari Dixon Chibanda amewafundisha bibi wazee kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kumsikiliza mtu mwenye huzuni kwa utaratibu maalumu. Uchunguzi uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba waliosikilizwa hivyo walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Benchi hilo limekwisha kuvuka mpaka Zanzibar. Tawi lisilokuwa na bibi mmoja mwenye busara na benchi moja ni tawi la namna gani? Katibu wa tawi anaweza vilevile kujua ni nyumba zipi mtaani kwake zimemfungia mtu ndani, na kwenda huko na mhudumu wa afya, wala asiende na askari.

Bunge la bajeti hukaa Dodoma kuanzia Aprili. Mirembe iko Dodoma hiyo hiyo. Twawaomba wabunge wetu, kabla hawajafika kwenye fungu la Wizara ya Afya, wachukue asubuhi moja waende pale, waombe kuonyeshwa daftari la dawa zilizoagizwa na dawa zilizofika, kisha warudi ukumbini wamuulize Waziri kwa tarakimu: methadoni ya mwaka ujao itanunuliwa kwa shilingi ngapi zetu, na sindano ya kila mwezi itafika zahanati zipi. Majibu watakayopewa tutayachapa hapa, pamoja na majina ya waliouliza.